Sufu, Sindano Mbili na Mtoto Anayekuja



Kitabu cha Matendo ya Mitume, katika sura ya 9, kinatupa habari za mwanamke wa mji wa Yafa aliyeitwa Tabita, au Dorkasi. Alipofariki, Petro aliitwa, naye alipopanda hadi chumba cha juu wajane walimzunguka wakilia. Hawakumweleza mtume jinsi marehemu alivyokuwa akisali, wala hawakumtajia cheo alichokuwa nacho katika kanisa. Walimwonyesha nguo. Walishika mikononi mavazi ambayo Tabita alikuwa amewatengenezea alipokuwa hai, na mavazi hayo yakawa ushuhuda wao.

Habari hiyo tumeisoma mara nyingi katika mashirika yetu, na mara nyingi mazungumzo huishia kwenye muujiza wa kufufuka. Leo twapenda kubaki kidogo kwenye zile nguo. Kuna upendo unaosemwa, na kuna upendo unaoweza kushikwa, kukunjwa, kufuliwa na kuvaliwa. Huu wa pili una sifa moja ambayo yafaa kijana aijue mapema: haumjii mtu kwa kutaka tu. Lazima ajifunze, kama anavyojifunza ufundi wowote, na kila mwanafunzi huanza akiwa hajui kitu. Jambo hilo tulilishika hapa Kalembe kwa kufuma vazi dogo sana: kaptula ya sufu ya mtoto mchanga, ile inayovalishwa juu ya nepi.

Kalembe iko mpakani mwa Masisi na Walikale, mahali ambapo milima ya malisho huanza kuukaribia msitu. Mvua hainyesei kwa msimu mmoja tu, na usiku una baridi yake. Mtoto mchanga hufungwa vipande vya kitambaa vilivyokatwa kutoka kitenge au shuka kuukuu. Kitambaa cha pamba hunywa mkojo upesi na kulowa chote. Punde blanketi limelowa, mgongo wa mama umelowa, na mtoto anatetemeka. Wazazi wengi hufunga mfuko wa plastiki juu ya nepi ili kuokoa blanketi. Plastiki huzuia maji, lakini huzuia na hewa. Ngozi laini ya mtoto hubaki katika joto na unyevu, kisha huwa nyekundu na kutoka upele.

Sufu hufanya kazi kwa njia nyingine. Unywele wa kondoo hukataa matone ya maji kwa nje, lakini kwa ndani hupokea mvuke na kuutunza. Yaweza kubeba unyevu unaokaribia theluthi moja ya uzito wake kabla mkono haujahisi kwamba imelowa, na hata ikiwa na unyevu bado hutunza joto. Kwa hiyo kaptula ya sufu haizibi maji kama plastiki. Huyachelewesha, huyatawanya na kuyaachia hewani polepole. Nepi ya ndani hubadilishwa kila inapolowa. Kaptula huanikwa mahali penye hewa, na hufuliwa mara chache tu, kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo. Sufu ikichemshwa na kusuguliwa hujisonga na kuwa ndogo, hata isimwingie tena aliyefumiwa.

Wala tusiipe sufu sifa isiyo yake. Wauguzi hufundisha kwamba joto la mwili wa mtoto mchanga lapaswa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, na kwamba mahali pa kwanza pa kumpatia joto hilo ni kifua cha mama, ngozi kwa ngozi. Nguo huja baada ya kifua. Lakini mama hawezi kumshika mtoto usiku na mchana peke yake, naye baba hana budi kuuliza sehemu yake ni ipi.

Swali hilo ndilo lililotufikisha kwenye sufu. Baada ya mapigano ya Oktoba 2024, familia nyingi za Kalembe zilitawanyika. Kuna waliorudi, kuna walioondoka tena. Miongoni mwa waliorudi kulikuwa na kijana mmoja wa shirika letu pamoja na mke wake aliyekuwa mjamzito, wakingoja mtoto wao wa kwanza. Kila walichokuwa wamemwekea mtoto, yaani vitambaa, blanketi na beseni, kilikuwa kimepotea. Kijana huyo alikuja kuomba tumsaidie kwa sala. Tulisali pamoja naye. Kisha tukamwuliza mtoto atavaa nini, naye akanyamaza. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Tuliona wazi kwamba sala ile ilikuwa ikitudai kitu zaidi.

Tulikuwa watu watano: katekista mmoja aliyepita miaka hamsini, ambaye alisomea ualimu, na vijana wanne, yule baba mtarajiwa akiwa mmoja wao. Hakuna kati yetu aliyekuwa amewahi kushika sindano ya kufumia. Tulikwenda kwa mama mzee wa shirika, aliyejifunza kufuma akiwa msichana katika nyumba ya masista waliofundisha kazi za mikono.

“Mama,” tukamwambia baada ya salamu, “tumekuja kukuomba umfumie mtoto nguo.”

“Macho yangu hayauoni tena uzi vizuri,” akajibu. “Lakini vidole vingali vinakumbuka. Mmeleta mikono mingapi?”

“Kumi, Mama.”

“Basi ketini.”

Alitupa sharti moja: kila mtu ataanza kazi yake mwenyewe na kuimaliza mwenyewe. Hakutaka kuona mtu akijifunza siku ya Jumamosi na kumwachia yeye kazi siku ya Jumatatu.

Jambo la kwanza lilikuwa kupata sufu. Uzi mwingi unaoitwa sufu sokoni haukutoka kwa kondoo. Hutengenezwa viwandani kutokana na mafuta ya petroli. Una rangi nzuri na bei ndogo, lakini haunywi mvuke. Mama alitufundisha kuutambua kwa moto. Unakata kipande kifupi cha uzi, unakishika kwa koleo nje ya nyumba, unakisogeza kwenye moto. Uzi wa kiwandani huyeyuka na kuacha donge gumu jeusi. Sufu ya kweli huungua polepole, hutoa harufu ya nywele zilizoungua, na kuacha jivu linalopondeka kati ya vidole.

Sufu ya namna hiyo tuliipata katika marundo ya mitumba. Tulitafuta sweta kuukuu, lenye tundu kwenye kiwiko, lisilotakiwa na mnunuzi mwingine. Tulitazama kwanza mishono ya ubavuni, kwa sababu sweta lililokatwa kwa mkasi na kushonwa kwa mashine likifumuliwa hutoa vipande vifupi tu, lakini lililofumwa kipande kwa kipande hutoa uzi mrefu usiokatika. Tulifumua jioni mbili nzima. Uzi hutoka umejikunjakunja kama unavyokumbuka sweta lake la zamani. Huoshwa, hufungwa mafungu, huning'inizwa kwa jiwe dogo chini yake, na unapokauka huwa umenyooka. Kwa sindano tulitumia spoki za baiskeli, zilizosuguliwa ncha kwenye jiwe mpaka zisichome kidole wala kukwaruza uzi.

Tulipokuwa tukifumua, kijana mmoja aliuliza sweta hilo lilivaliwa na nani na katika nchi gani. Hakuna aliyeweza kumjibu. Mtu tusiyemjua aliliacha likiwa halina kazi tena kwake, na sasa lilikuwa linaelekea kwa mtu ambaye bado hajazaliwa. Katikati ya hao wawili ilikuwapo mikono yetu kumi.

Mwenye kusomea ualimu hukumbuka daima kanuni ya darasa la kwanza la mbinu za kufundishia: mpeleke mwanafunzi kutoka jambo analolijua hadi jambo asilolijua, na kutoka jepesi hadi zito. Mama yule hakuwahi kuingia chuo chochote cha ualimu, lakini kanuni hiyo ilikuwa ndani ya vidole vyake. Hakuanza kwa kutuonyesha kaptula iliyokamilika. Aliwauliza vijana kama wanajua kufunga kitanzi cha kunasia ndege. Wakacheka, kwa kuwa hakuna mvulana wa hapa asiyekijua.

“Kifungeni,” akasema.

Wakakifunga kwa uzi wa sufu.

“Ingizeni sindano ndani yake. Hicho ndicho kitanzi cha kwanza. Mnachokijua cha kukamata, leo kitashika uzi ili mtoto afunikwe.”

Toka hapo kazi nzima ni kitanzi kimoja kupitishwa ndani ya kingine. Kwa kaptula ya mtoto mchanga tulianza na vitanzi 40 kwenye sindano moja. Safu za kwanza za kiunoni hufumwa vitanzi viwili kwa mbele na viwili kwa nyuma, kwa kupokezana, ndipo kitambaa kinapopata uwezo wa kuvutika na kurudi. Baada ya hapo hufumwa safu za kawaida kwenda chini. Inapofika mahali pa mapaja, vitanzi viwili huunganishwa kuwa kimoja kila upande, safu moja baada ya nyingine, mpaka vibaki 18. Hapo ndipo patakapopita kati ya miguu. Kisha vitanzi huongezwa tena kwa utaratibu uleule mpaka virudi 40, nyuma hufumwa kama mbele, na kazi hufungwa. Kipande chote ni kipana mwanzoni, chembamba katikati, kipana mwishoni. Hukunjwa mara mbili, hushonwa ubavuni, kamba hupitishwa kiunoni, na hiyo ndiyo kaptula.

Kwa maneno ni rahisi. Kwa vidole vya mtu anayeanza ni jambo jingine. Mkono unaoshika jembe hukaza uzi kana kwamba unafunga mzigo kwenye chukudu, na vitanzi vikikazwa hivyo sindano haipiti. Mwingine hulegeza, na kitambaa huwa na matundu. Kitanzi kikidondoka kutoka kwenye sindano, hakipigi kelele. Huteremka safu kwa safu, na mfumaji hugundua baadaye kwamba amebaki na 39. Ndiyo maana Mama alitutaka tuhesabu kila mwisho wa safu, kwa sauti. “Thelathini na tisa,” angesema kijana. “Basi mmoja amepotea,” angejibu Mama, “mtafute kabla hajaenda mbali.” Nasi tuliomsikia tulijua kwamba anatufundisha zaidi ya kufuma, ingawa yeye alikuwa anazungumzia uzi tu.

Tulifuma nje, kwenye kibaraza chake, kando ya njia. Watu walipita, na wengine walisimama. Mzee mmoja aliuliza kwa sauti kama kanisa sasa linawageuza wavulana kuwa wasichana. Kijana mmoja wetu alimjibu kwa heshima bila kuacha kufuma: “Baba, suruali uliyovaa imeshonwa sokoni na fundi mwanaume. Nasi ni mafundi, ila mteja wetu ni mdogo.” Mzee akacheka, akaendelea na safari yake.

Jibu hilo lilikuwa na ukweli mkubwa kuliko utani. Hapa nchini mwetu, kwa Wakuba wa Kasai, kitambaa cha rafia hufumwa na wanaume, nao wanawake hukitia nakshi. Katika kisiwa cha Taquile, kwenye ziwa Titicaca nchini Peru, wavulana hujifunza kufuma kwa sindano tangu utotoni na wanaume ndio wanaofuma kofia. Ufundi wa nguo wa kisiwa hicho ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa wanadamu wote. Mtume Paulo, kama tunavyosoma katika Matendo 18, aliishi kwa kazi ya kutengeneza mahema. Na Zaburi ya 139 inapotafakari mtoto aliye tumboni, yamwona Mungu mwenyewe kama fundi anayeuunganisha mwili wa mtoto huyo ndani ya mama yake. Kama Mungu haoni haya kuitwa fundi wa kazi hiyo, sisi tutamwonea haya nani?

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo ndilo lililotufanya tuandike.

Tulipokuwa tumepita nusu ya kazi, mmoja wa wale vijana wanne hakuja. Jumamosi iliyofuata hakuja tena. Mama yake alituambia kwamba watu wenye silaha walipita usiku, na asubuhi mkeka wake ulikuwa mtupu. Kama alichukuliwa au alikwenda mwenyewe, mama hakuweza kusema, nasi hatukumwuliza mara ya pili. Alikuwa na miaka 16. Kati yetu watano yeye ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko wote. Kiuno cha kaptula yake kilikuwa kimekamilika, na alikuwa ameanza kupunguza vitanzi vya mapaja.

Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumwingiza mtu wa umri wake katika jeshi au kikundi chochote chenye silaha. Sheria hiyo ni njema, na kila kijana wa parokia anapaswa kuijua. Lakini twaishi mahali ambapo bunduki hufika mapema kuliko sheria, nanyi mnaosoma haya mnajua hivyo kuliko sisi.

Sufu yetu ilikuwa chache. Mmoja wetu alipendekeza tufumue kazi ya mwenzetu ili uzi wake utusaidie kumaliza. Mama mzee akakataa.

“Iacheni kwenye sindano,” akasema. “Ukichomoa sindano, vyote vitafumuka. Sindano ikibaki, siku atakayorudi ataendelea pale alipoishia. Na asiporudi yeye, mtu mwingine atajua alikuwa amefika wapi.”

Kwa hiyo kazi hiyo ipo hadi leo, imefungwa katika kitambaa safi ndani ya sanduku la Mama, vitanzi vyake vikiwa vimehesabiwa. Tulikuwa watano, sasa tumebaki wanne.

Hatusemi kwamba sindano mbili zingemzuia. Njaa, hofu, kisasi na shule zilizofungwa huvuta kwa nguvu, na tungewadanganya kama tungewaambia kwamba sufu hushinda bunduki. Tunasema jambo dogo zaidi. Kila mkono wa kijana utajifunza kitu. Mkono haukai bila kujifunza, kama shamba lisivyokaa bila kuota kitu. Wako watu wenye haraka ya kuufundisha, na somo lao huchukua siku chache. Somo la kutunza huchukua muda mrefu: safu kwa safu, kwa kuhesabu, kwa kurudi nyuma na kuokota kilichodondoka. Ndiyo maana wanaofundisha kutunza hawana budi kuanza mapema na kukaa karibu. Kijana yule, popote alipo usiku huu, mikono yake imekwisha kujua kwamba iliwahi kumtengenezea mtoto nguo. Mtu anaweza kumpa amri nyingine, lakini hawezi kumwondolea ujuzi huo. Twamwombea aukumbuke.

Mtoto alizaliwa usiku wa mvua, msichana, mwenye afya. Baba yake alikuwa amemaliza kaptula yake siku chache kabla. Upande mmoja ulikuwa umekazwa mno na mwingine umelegea, na kiuno kilikuwa kikubwa, jambo ambalo Mama mzee alilisifu, kwa kuwa watoto hukua na sweta kuukuu hazipatikani kila siku. Mke wake aliigeuza mikononi, akacheka, akamwambia: “Hii hata gizani nitajua ni yako.” Tangu hapo kijana huyo hubadilisha nepi ya binti yake mwenyewe, mbele ya watu. Majirani walishangaa kwa juma moja, kisha wakazoea. Kaptula nyingine mbili zilikwenda kwa familia yake pia, kwa kuwa mtoto mmoja huhitaji angalau mbili za kupokezana, moja ikiwa inaanikwa. Ya nne ilikwenda kwa mama aliyefika akiwa mkimbizi, naye hakuuliza ilifumwa na nani.

Mwisho, tuwakumbushe mlei mwenzetu aliyekufa kwa ajili ya vipande viwili vya kitambaa. Isidori Bakanja alibatizwa mwaka 1906. Alikuwa kijana mfanyakazi, mtu wa Jimbo la Ekweta katika nchi hii yetu. Alivaa skapulari ya Bikira Maria wa Karmeli, ambayo kwa desturi hutengenezwa kwa sufu ya rangi ya udongo, nayo ilikuwa vazi lake la Kikristo machoni pa watu. Msimamizi wa shamba alimwamuru aivue, naye hakukubali. Mwaka 1909 alipigwa mijeledi kikatili hata vidonda vyake havikupona, na baada ya miezi kadhaa ya mateso alifariki akiwa amemsamehe aliyemtesa na kuahidi kumwombea. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenyeheri tarehe 24 Aprili 1994.

Twamtaja Bakanja kwa sababu vijana wengi hudhani kwamba imani huonekana katika mambo makubwa peke yake. Yeye alitambulika kwa kitu chepesi kilichokaa kwenye mabega yake. Hakuwa na silaha, lakini hakukubali kuivua. Nanyi, watu watawatambua kwa nini? Kristu alipokuja kwetu, jambo la kwanza ambalo Mwinjili Luka anatuambia juu ya mwili wake ni kwamba mama yake alimfunga nguo za mtoto mchanga. Mungu alikubali kuwa na baridi ili mtu apate nafasi ya kumfunika. Nafasi hiyo haijafungwa. Katika kila shirika la parokia zetu kuna mtoto anayekuja.

Twawaombeni basi, vijana wa Xaveri, wa Kiro na wa vikundi vyote vya parokia, mfanye jambo moja kabla ya mwezi huu kwisha. Mtafuteni katika shirika lenu mzee mwenye ufundi ambao hakuna kijana aliyeurithi, uwe wa kufuma, wa kusuka vikapu, wa kuchonga au wa kutengeneza sabuni. Mwombeni awafundishe, wavulana kwa wasichana pamoja. Mkae naye mpaka mmalize kitu kimoja, na kitu hicho mkipeleke kwa mtu asiyeweza kuwalipa.

Maswali kwa mkutano wa kikundi

1. Ni nani katika shirika letu anayengoja mtoto sasa, na mtoto huyo atavaa nini?

2. Mikono yetu imefundishwa nini mpaka leo, na ni nani aliyetufundisha?

3. Ni mwenzetu yupi aliyetoweka kati yetu, na sisi tunamtunzia nini ili siku atakayorudi akute mahali pake?

Tusali

Ee Mungu uliyemuumba kila mtoto tumboni mwa mama yake, ifundishe mikono yetu kazi ya kutunza. Utupe subira ya kuhesabu na moyo wa kurudi nyuma kumtafuta aliyedondoka. Uwalinde vijana wa Masisi na Walikale, walio nyumbani na walio porini, na uwarudishe wote kwa mama zao. Mwenyeheri Isidori Bakanja, utuombee. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.